Msimbo wa Sensa ya Oksijeni Unaorudi Kila Ukifutwa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Taa ya injini imewaka. Umepimiwa gari kwa skana, ukaambiwa sensa ya oksijeni imekufa, ukanunua mpya, ikafungwa, msimbo ukafutwa, taa ikazimika. Wiki mbili baadaye, ukiwa umeshasahau, taa ileile inakutazama tena kwenye dashibodi na skana inasoma msimbo uleule. Hapo wengi hununua sensa ya pili kwa kudhani ya kwanza ilikuwa feki. Nimewahi kulala chini ya gari lililokuwa na sensa ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Zote tatu zilikuwa nzima.

Mjumbe hauawi, na sensa ya oksijeni ni mjumbe tu. Kazi yake ni kupeleka habari za moshi kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontrolboksi. Habari zikiwa mbaya, au njia ya kuzifikisha ikiwa imekatika, kompyuta huandika jina la mjumbe kwa sababu ndilo jina inalolijua. Msimbo P0131 hausemi "badilisha sensa". Unasema "volti ninayoiona kwenye waya wa sensa hii ni ndogo kwa muda mrefu mno". Kwa nini ni ndogo, hilo ni swali lako.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Tafuta skana inayoonyesha data mubashara, siyo ile ya kusoma na kufuta tu. Hata kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu kinatosha. Ongeza multimita ya dijitali, tochi, balbu mbili za gari zilizoungwa nyaya, na spana ya milimita 22. Injini itawashwa mara nyingi wakati wa kazi hii, kwa hiyo fanyia nje au mahali penye hewa ya kutosha, maana gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Bomba la moshi nalo halisamehe mkono.

Mjumbe anavyofanya kazi

Sensa ya kawaida ina kauri ya zirkonia ndani. Upande mmoja wa kauri unaguswa na moshi, upande wa pili na hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzalisha umeme mdogo. Moshi ukiwa na oksijeni kidogo, yaani petroli imezidi, umeme hupanda kuelekea volti 0.9. Oksijeni ikiwa nyingi, hushuka kuelekea 0.1. Karibu na 0.45 ndipo penye uwiano unaotafutwa, kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Bosch waliitoa kwa mara ya kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, na kanuni yake ni ileile mpaka leo.

Angalia vizuri kwamba inapima oksijeni, haipimi petroli. Silinda inayomisi, yaani inayoshindwa kuchoma petroli yake, hutoa petroli mbichi, lakini hutoa pia oksijeni yote ambayo haikuungua. Pua yako itanusa petroli, sensa itaripoti hewa nyingi, na kompyuta itaongeza petroli juu ya petroli. Ukilisahau jambo hili utazunguka siku nzima.

Kauri hiyo haizalishi chochote mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, ndiyo maana ndani yake kuna hita. Nayo hewa ya nje inayohitaji kulinganishia, kwenye sensa nyingi hupenya kupitia katikati ya nyaya zake zenyewe. Ukilehemu nyaya hizo kwa risasi, au ukipaka grisi kwenye konekta, unaiziba pumzi. Kwa hiyo waya wa sensa uliokatika huungwa kwa kubana, haulehemiwi.

Kuna aina nyingine, ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, ambayo imejaa kwenye magari ya miaka ya karibuni upande wa kabla ya katalisti, yaani kile chungu chenye masega ya kusafisha moshi. Hiyo haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Kwenye Toyota nyingi utaiona ikitulia karibu na volti 3.3 na kupanda hewa inapozidi, kinyume kabisa na ile ya zirkonia ya kawaida. Kwa macho zinafanana, na meno yake huingia kwenye tundu lilelile. Kufunga moja mahali pa nyingine ni sababu mojawapo ya msimbo kurudi siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Usifute kitu

Kosa kubwa kuliko yote ni kufuta kwanza. Kompyuta inapoandika msimbo hupiga pia picha ya hali ya injini wakati ule: mzunguko wa injini, mwendo, joto la maji, mzigo, na masahihisho ya mafuta. Kwenye skana inaitwa Freeze Frame. Ukifuta msimbo, picha nayo inakwenda. Ipige picha kwa simu, kisha andika misimbo yote, hata ile ambayo bado inasubiri kuthibitishwa na haijawasha taa.

Picha hiyo husema mengi. Joto la maji likiwa nyuzi 30 na gari limewashwa dakika moja iliyopita, fikiria hita. Gari likiwa limesimama, injini imepata joto na mzunguko uko 750, fikiria hewa inayoingia pasipostahili. Mzigo ukiwa asilimia 80 na mwendo kilomita 90 kwa saa, fikiria petroli haifiki ya kutosha.

Kisha jua ni sensa ipi. Alama B1 ni upande wa injini wenye silinda namba 1, B2 ni upande wa pili. S1 iko kabla ya katalisti, na S2 iko baada yake. Silinda namba 1 si lazima iwe upande wa dereva. Tazama kitabu cha gari. Na usidhani kila injini ya silinda nne ina upande mmoja, zipo zenye sensa mbili za mbele.

Misimbo yenyewe imepangwa kwa familia za sita sita:

- P0130 hadi P0135: upande wa 1, sensa ya mbele
- P0136 hadi P0141: upande wa 1, sensa ya nyuma
- P0150 hadi P0155: upande wa 2, sensa ya mbele
- P0156 hadi P0161: upande wa 2, sensa ya nyuma

Kila familia hufuata mpangilio mmoja: hitilafu ya mzunguko wa umeme, volti ndogo, volti kubwa, mwitikio wa pole, hakuna dalili ya kazi, hita. Ukilishika hilo huhitaji kukariri. P0133 ni ya nne kwenye familia ya kwanza, kwa hiyo ni mwitikio wa pole wa sensa ya mbele, upande wa 1.

Ukikuta pamoja nao P0171, P0172 au P0300, anza na hiyo. P0300 ni injini inayomisi. P0171 ni hewa kuzidi, P0172 ni petroli kuzidi. Msimbo wa sensa mara nyingi ni mtoto wa hiyo mingine.

Hatua ya 2: Macho na mikono, injini ikiwa baridi

Fuata waya wa sensa kuanzia kwenye bomba mpaka unapoingia kwenye mkungu wa nyaya. Unatafuta ganda lililoyeyuka, kibano kilichokosekana, waya uliolalia bati la kuzuia joto. Chomoa konekta uitazame kwa tochi: ukungu wa kijani, maji, oili, pini iliyorudi ndani. Oili hutoka mbali kuliko unavyodhani, ikisafiri ndani ya ganda la waya kutoka kwenye kifaa kingine kinachovuja.

Gari lile la sensa tatu lilikuwa na P0135, msimbo wa hita. Mwenyewe alisema taa hurudi "ikijisikia". Nilipomuuliza taratibu ikaonekana hurudi zaidi asubuhi, na asubuhi ndipo anapotoka kwenye maegesho kinyumenyume. Tukawasha injini, mmoja akakanyaga breki na kuingiza gia ya nyuma, mwingine akiwa na tochi. Injini ikaegemea upande mmoja kiasi cha kidole, na mkungu wa nyaya ukasogea nao. Kibano kilichoshikilia waya hakikuwepo. Aliyefungua sensa ya kwanza hakukirudisha. Waya ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati mpaka shaba ikaonekana, kidoa kisichozidi punje ya mchele. Ulikuwa waya wa hita unaokwenda kwenye kompyuta. Kila unapogusa bodi, hita huwaka bila amri na kompyuta huandika hitilafu. Fyuzi haikuwahi kuungua, ndiyo maana hakuna aliyeshuku waya. Ganda la kuhimili joto na kibano kimoja vikamaliza kesi.

Kwa hiyo uliza gari lilikuwa linafanya nini taa ilipowaka. Kisha, skana ikiwa kwenye data mubashara, tikisa waya kipande kwa kipande huku mtu akitazama namba.

Baada ya nyaya, tafuta bomba linalovuja. Uvujaji ulio kabla ya sensa, au jirani nayo, hudanganya vibaya. Moshi hutoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo bomba hunyonya hewa ya nje badala ya kupuliza. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kuripoti kwa uaminifu kabisa kwamba hewa imezidi. Tazama gasketi ya manifoldi, kipande cha bomba chenye kunyumbuka, na tundu la sensa lenyewe. Penye uvujaji huacha mchirizi mweusi wa masizi au weupe wa kijivu. Sikiliza dakika ya kwanza baada ya kuwasha injini baridi: utasikia tiki-tiki inayopungua chuma kinapotanuka kwa joto. Ukichelewa dakika tano tundu limejiziba lenyewe nawe hutasikia kitu.

Hatua ya 3: Kama msimbo ni wa hita

P0135, P0141, P0155, P0161 pamoja na jamaa zake P0030 na P0036 ni misimbo ya umeme mtupu. Petroli na hewa hazihusiki, kwa hiyo weka skana pembeni.

Kwanza fyuzi. Fyuzi moja mara nyingi hulisha hita zote, kwa hiyo ukiona P0135 na P0141 zimeingia kwa pamoja, uwezekano wa sensa mbili kufa siku moja ni mdogo sana. Iko fyuzi, rilei au waya wa pamoja. Fyuzi iliyoungua usibadilishe tu ukaondoka, iliungua kwa sababu.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa konekta upime upande wa sensa. Kwenye sensa ya nyaya nne, nyaya mbili zenye rangi moja, mara nyingi nyeupe au nyeusi, ni za hita. Hita nzima husoma omu chache mpaka kumi na kitu ikiwa baridi. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu cha gari. Mita isiposoma njia kabisa, hita imekatika, na hapo sensa mpya ni halali yako. Ikisoma karibu na sifuri, imeshikana ndani.

Sasa geukia upande wa gari. Waya mmoja wa hita lazima uwe na umeme wa betri swichi ikiwa imewashwa, na kwenye magari mengine mpaka injini iungurume. Hapa multimita hudanganya watu. Waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 safi, kwa sababu multimita hainywi umeme wowote. Ukiupa mzigo, unakufa. Tumia balbu ya wati 21: mguu mmoja kwenye waya huo, mwingine kwenye bodi. Iwake kwa nguvu kama inavyowaka ukiiunga betri moja kwa moja. Ikiwa hafifu, tatizo liko kati ya fyuzi na konekta.

Ukiridhika, chukua balbu ndogo ya wati 5 uiunganishe kati ya waya ule wenye umeme na waya wa pili wa hita, injini ikiunguruma. Kompyuta huwasha hita kwa kuupeleka waya huu wa pili kwenye hasi, mara nyingi kwa mapigo ya haraka, kwa hiyo balbu iwake au ipepese. Isipowaka, pima waya mpaka kwenye kompyuta kabla hujailaumu kompyuta. Kompyuta huungua kweli upande huo, hasa baada ya hita iliyoshikana kufungwa na kuachwa, lakini ni nadra kuliko gereji zinavyosema.

Hatua ya 4: Kama volti ni ndogo, au hewa inasemekana imezidi

Huku ndiko sensa nyingi nzima hutupwa. Wengine huanza kwa kuipima sensa. Mimi huanza kwa kuitisha. Injini ikiwa na joto, kanyaga mafuta ghafla na kuachia, huku ukitazama volti. Sensa nzima ya zirkonia itaruka juu ya 0.8 petroli inapomwagika, kisha itashuka chini ya 0.2 unapoachia. Ikifanya hivyo kwa wepesi, mjumbe yuko salama na habari anazoleta ni za kweli, au anadanganywa na bomba linalovuja.

Isiporuka, chomoa konekta utazame skana. Kompyuta nyingi hupeleka volti yao ndogo ya kungojea kwenye waya wa sensa, kama 0.45. Namba ikipanda kwenda hapo baada ya kuchomoa, waya na kompyuta vimeitika na lawama inarudi kwa sensa. Ikibaki sifuri, waya wa gari umegusa hasi mahali fulani, na sensa mpya isingesaidia.

Sasa tazama masahihisho ya mafuta. Kompyuta hukisia petroli ya kupuliza kwa kutazama hewa inayoingia, kisha husikiliza sensa ya mbele na kujirekebisha. STFT ni marekebisho ya papo kwa papo; LTFT ni yale ambayo imeshayazoea. Chanya maana yake inaongeza petroli, hasi inapunguza. Jumlisha mawili hayo. Ndani ya asilimia 5 juu au chini ya sifuri ni shwari, hadi 10 inavumilika. Ukiona 15 au 20 kuna jambo, na karibu na 25 kompyuta nyingi huwa zimefika ukingoni.

Namba moja pekee haina maana. Chukua tatu: gari limesimama linaunguruma tu, kisha mzunguko wa 2500 ukiwa umetulia, kisha barabarani ukipandisha mlima. Tuseme umesoma +21 likiwa limesimama, na +5 kwenye 2500. Hiyo ni hewa inayonyonywa baada ya kipimo cha hewa: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi ya kuingizia, bomba la brekibusta. Tundu ni lilelile, lakini kwenye 2500 hewa halali imekuwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani. Mlolongo ukiwa kinyume, +3 likiwa limesimama na +19 mlimani, tazama pampu ya petroli, filta yake, au sensa ya hewa inayoingia, MAF, iliyochafuka na kuhesabu pungufu. Gari linalotumia sensa ya shinikizo, MAP, badala ya MAF huwa na tabia tofauti: hewa ya wizi mara nyingi hupandisha mzunguko wa injini kuliko inavyopandisha namba hizi.

Kutafuta tundu la hewa, watu hupuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto. Inafanya kazi, na imeshachoma magari. Kinyunyizi cha maji hufanya kazi ileile kwa utaratibu zaidi: nyunyiza kidogo kwenye kiungo kimoja kimoja, mbali na koili, usikilize mlio ukibadilika. Mashine ya moshi ndiyo bora kuliko zote kama unaipata.

Ukikuta namba ni +20 kila mahali, fungua plagi. Plagi zikiwa nyeupe, injini kweli ina njaa ya petroli, nenda kapime shinikizo lake. Plagi zikiwa nyeusi za masizi huku kompyuta ikiendelea kuongeza petroli, basi kompyuta imedanganywa: bomba linavuja karibu na sensa, waya wa ishara umegusa hasi, au silinda inamisi. Kipimo hiki cha plagi hakitajwi sana, na kimeniokoa zaidi ya skana za bei kubwa.

Hatua ya 5: Volti kubwa, mwitikio wa pole, na ukimya

P0132 na P0152: volti iko juu na haishuki. Kwanza soma ni kubwa kiasi gani. Sensa ya zirkonia haiwezi kuzalisha volti 1.5 hata ukiibembeleza. Ukiona hivyo, umeme umeingia kutoka kwingine, na jirani wa karibu kabisa ni waya wa hita ndani ya konekta yenye maji. Ikiwa 0.9 iliyoganda na LTFT imezama kwenye hasi, petroli imezidi kweli: injekta inayovuja, shinikizo kubwa, au vali ya mvuke wa tangi iliyokwama wazi. Hii ya mwisho ibane mpira wake kwa muda utazame namba. Nusa pia kijiti cha oili. Oili iliyochanganyika na petroli hupeleka mvuke kwenye injini, na namba zinaweza kurudi sawa baada ya kubadilisha oili tu.

P0133 ni msimbo ambao sensa yenyewe mara nyingi ndiyo mwenye kosa, kwa uzee au sumu. Kwa mzunguko wa 2500, sensa ya mbele ya zirkonia yenye afya huvuka 0.45 mara kadhaa ndani ya sekunde 10. Ikijikokota, ifungue utazame ncha. Masizi makavu meusi ni petroli kuzidi. Weupe kama chaki ni gundi ya silikoni iliyopakwa kwenye gasketi, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kahawia hadi kijivu kizito ni oili inayoungua. Ukifunga mpya bila kushughulikia kilichoiua ya zamani, unaihesabia siku. Kuisafisha kwa petroli au brashi sijaona kukidumu. Sumu imeshaingia kwenye kauri.

P0134 ina maana kompyuta haioni mchezo wowote. Rudi hatua ya 3, maana sensa isiyopashwa joto huwa kimya, kisha pima waya wa ishara na hasi yake. Hasi ya injini nzima nayo ipimwe: injini ikiunguruma na taa zikiwaka, weka mita kati ya hasi ya betri na bloku ya injini. Ukiona zaidi ya volti 0.2, safisha au badilisha waya wa hasi kabla ya lolote.

Sensa ya nyuma na V6

Sensa ya nyuma ni mlinzi wa katalisti. Injini ikiwa na joto na mwendo umetulia, iwe imetulia karibu na 0.6 au 0.7. P0137 inayorudi mara nyingi ni gasketi ya bomba inayovuja karibu nayo. P0420 si msimbo wa sensa kabisa, ingawa imeuza sensa nyingi. Inasema katalisti imechoka, au bomba linavuja.

Kwenye injini yenye pande mbili unayo bahati ya kuwa na shahidi wa pili. Sensa za mbele zikiwa za namba moja ya spea, zibadilishane. Msimbo ukihama na sensa, sensa ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, tatizo ni waya au injini upande huo. Na kama msimbo ulianza baada ya injini kufunguliwa, angalia konekta hazijapishana. Dalili yake haifichiki: upande mmoja LTFT inapanda kuelekea +25, mwingine inazama kuelekea -25, kwa sababu kila upande unarekebishwa kwa habari za mwenzake.

Kufunga mpya, ikithibitika

Nunua kwa namba ya spea ya gari lako. Sensa za kuunga nyaya mwenyewe ninaziepuka, maungio yake hukaa mahali pa joto na maji. Fungua ya zamani bomba likiwa vuguvugu, baada ya kuipa dawa ya kutu muda wa kupenya. Tumia soketi yenye mpasuo wa kupitisha waya. Mpya nyingi huja na grisi maalumu ya kuzuia kunata kwenye meno. Isipokuwepo, paka kidogo kwenye meno tu, isiguse ncha. Kwa meno ya milimita 18, kaza Nm 40 hivi kama kitabu hakisemi vingine. Zungusha sensa kabla ya kuchomeka konekta, usiupindishe waya. Iliyoanguka sakafuni usiifunge, kauri hupasuka bila kuonekana. Na kila kibano kirudi mahali pake.

Kuhakikisha

Sasa futa msimbo. Taa kuzimika muda huo haithibitishi kitu, umeizima wewe. Kompyuta nyingi huhitaji kuona kosa kwenye safari mbili mfululizo ndipo ziwashe taa, kwa hiyo gari linaweza kukaa siku kadhaa kimya huku kosa liko palepale.

Lipe gari safari yenye kila kitu: liwake likiwa baridi kabisa, liungurume dakika mbili au tatu, lipite kwenye msongamano, kisha barabara ya wazi kwa mwendo uliotulia wa kilomita 80 kwa saa kama robo saa, na mara kadhaa uachie mafuta lishuke mwendo lenyewe bila breki. Halafu fungua skana sehemu ya vipimo vilivyokamilika. Kipimo cha sensa ya oksijeni na cha hita yake vionyeshe vimekamilika. Kabla ya hapo hujui kitu. Tazama pia misimbo inayosubiri, na LTFT ikiwa imetulia upya. Baada ya kufuta huanza kutoka sifuri, kwa hiyo ya siku ya kwanza usiiamini.

Vipimo vikikamilika na orodha ya misimbo inayosubiri ikawa tupu kwa safari tatu, funga boksi la vifaa. Msimbo ukijitokeza kwenye orodha hiyo, usifute. Skana ikikupa Freeze Frame mpya, iweke kando ya ile picha uliyopiga kwa simu siku ya kwanza, ulinganishe joto la maji, mzunguko na mzigo. Zikifanana, chanzo hujakigusa bado. Zikitofautiana, huenda umemaliza kosa moja na sasa unalitazama la pili lililokuwa limejificha nyuma yake.